Ndege ya Shiromani

Fundi Ridjali wa Magoudjou, mtaa wa Moroni, alikuwa Sabena. Ndivyo Moroni ilivyowaita waliorudishwa kutoka Madagaska mwaka 1977, kwa jina la shirika la ndege zilizowaleta. Alishuka na randa ya marehemu babake, akaanza kutengeneza vitanda.

Siku moja sokoni Volo Volo alifungiwa karanga kwa ukurasa wa gazeti la Kifaransa. Ulikuwa na picha ya ndege ya kivita ya Wajerumani, ya zamani sana, mabawa juu na chini. Ilitengenezwa moja tu, ya majaribio; jeshi likaikataa.

"Masikini," alimwambia mkewe, Maanrifa. "Watu wameitolea jasho, halafu hakuna aliyeitaka."

Akaichonga kwa mbao, ndefu kama mkono wake. Mabawa yalitakiwa yavikwe kitambaa, lakini picha haikuwa na rangi. Maanrifa, mzaliwa wa Mutsamudu, akakata pembe ya shiromani yake, ile nguo nyekundu na nyeupe wanayojitanda wanawake wa kwao, kisiwa cha Ndzuani, akayashonea.

Mwaka 1999, Ndzuani ikiwa imejitenga na serikali ya Moroni, vijana wa Moroni walianza kuwafukuza watu wa kisiwa hicho. Maanrifa alikimbilia kwao. Wiki tatu baadaye Ridjali akapata boti, akamfuata, ndege mkononi.

Bandarini Mutsamudu alisimamishwa na Oirdine, mlinzi mwenye bunduki.

"Wa Moroni hapiti. Na hiyo nini?"

"Ndege ya vita. Ya Kijerumani."

"Moroni wameishiwa hivyo?" Wenzake wakacheka. Oirdine akagusa bawa, kicheko kikamkauka. "Wajerumani walijitanda shiromani?"

"Ni ya mke wangu. Nyumba yake iko nyuma ya msikiti wa Ijumaa."

"Namtuma kijana akamwite, aje mwenyewe. Asipokuja, unarudi na boti hii hii."

Injini ya boti ilikuwa imeshawashwa Maanrifa alipofika, amejitanda shiromani. Oirdine aliiona pembe iliyokatwa, akaitazama ndege, akashusha bunduki.

"Mama, huyu ni wako?"

"Wangu. Analala nyumbani kwangu. Mtamrudisha kwa nani?"

"Pita, shemeji," Oirdine alisema.

Maanrifa alimkagua mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umebeba hii, sufuria zangu umeziacha?"

Ridjali alimfuata kwenye vichochoro vya mji, akitembea upandeupande ili mabawa yasiguse kuta.