Herufi Kubwa za Kabati

Tangu aachishwe kazi, kila Jumatatu fundi wa visima huingia kwenye saiba ya Mutanu, duka la intaneti pale mjini Kabati, akiwa tayari amekasirika. Hubonyeza kibodi kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kana kwamba chini yake kuna mwamba. "Wangapi wameniona?" humuuliza Mutanu, akimaanisha waajiri waliofungua wasifu wake mtandaoni. Hakuna. Jumatatu hii Mutanu alimrekebishia wasifu wake wa kazi: palipoandikwa Kabati, akaweka Nairobi. "Mabosi wanatafuta watu wa huko, mzee." Fundi alitazama lile neno, mshipa wa shingo ukamsimama. "Miaka ishirini nawachimbia watu maji hapa. Huko sijachimba hata choo!" Akalifuta herufi moja moja, akaandika KABATI. "Haya, sasa urudishe mtandaoni, mabosi wote waone."