Kaa Kwenye Gunia la Dagaa

Mwalimu wa baiolojia hajui kujibu swali kwa neno moja. Hata ukimsalimu, atafuta kwanza miwani kwa pindo la shati, atakohoa, ndipo akuitikie. Rhobi, muuza dagaa wa soko la Nyarero, alilijua hilo vizuri, ila siku hiyo hakuwa na namna. Katika gunia la dagaa wa baharini alitokea kaa mkavu, wateja wakarudi nyuma wakinong'ona kwamba ni kitu cha uchawi, na biashara ikasimama. Mwalimu akaitwa, akafuta miwani, akamgeuza kaa polepole kama anayemgeuza mtoto aliyelala. "Kaa wetu wa mtoni hutembea tu," akaanza. "Huyu ni kaa mwogeleaji. Tazameni miguu ya mwisho, ni bapa kama kasia. Gamba nalo lina meno pembeni, na..."

"Mwalimu," Rhobi akamkatiza, "ni uchawi au si uchawi?"

"Si uchawi. Ni miguu."

Watu wakacheka, wakasogelea tena dagaa. Rhobi akashusha pumzi. "Kumbe umewaona wengi wakiogelea?"

"Bahari yenyewe sijawahi kuiona," akasema kwa sauti ndogo, kisha akaomba beseni la maji. Akamtia humo yule kaa, akangoja viungo vilainike, akaishika miguu ile bapa kwa vidole na kuipiga majini taratibu kama makasia. Rhobi alikuwa na wateja wanaomsubiri, lakini akasimama kwanza kumtazama kaa akivuka beseni.