Tumbo la Meliame

Hapa Neiafu, mji wetu wa kisiwani, shangazi akiingia kwa kaka yake, hata mwenye nyumba hukaa vizuri mkekani. Kalolaine anajua nguvu hiyo na haionei haya. Kazi yake ni kusuka mikeka, na jambo akilishika haliachi. Mumewe aliwahi kumkataza kufuga nguruwe. Leo ndiye anayewalisha.

Muhula ule jambo lake lilikuwa Meliame, binti wa kaka yake, wa darasa la sita. Kila asubuhi ya shule tumbo lilimuuma. Mwalimu, mgeni kutoka New Zealand, alishasema: akizidi kukosa masomo, hatafanya mtihani wa kuingia sekondari.

Fusi, mama mtu, alikuwa ameshika ufagio.

"Jumamosi anakula kama wawili, Jumatatu anakufa! Mwongo huyu, wifi. Niachie nimnyooshe."

"Ukimchapa utakuwa na mtoto anayeumwa tumbo na makalio. Weka chini hiyo."

Kalolaine akamketisha mtoto kwenye majani yake ya kusukia. Hakumuuliza kwa nini. Mtoto akibanwa na kwa nini za watu wazima, hufunga mdomo. Mimi jirani, niliyekuwa mlangoni, nilimpenda sana kwa hilo.

"Hebu nipangie darasa lenu. Jani hili ni ubao. Wewe uko wapi?"

Meliame akaweka jani lake, akaweka jingine ubavuni, kisha akalisukuma mbali upesi.

"Huyo nani?"

"Vili," akanong'ona.

Vili ni mtoto wa kaka mwingine wa Kalolaine, na kwetu huyo ni kaka yake Meliame kabisa. Mwalimu alikuwa amewachanganya wasichana na wavulana, dawati moja wawili. Kila asubuhi Meliame na Vili, waliopangwa pamoja, walisoma kwa sauti hadithi ya mwana wa mfalme akimbembeleza mchumba wake.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nitayatamkaje maneno yale, Shangazi?"

Kalolaine akamgeukia Fusi.

"Wifi, nani alimwambia huyu kwamba amekua, asikae bega kwa bega na Vili, wala neno la mapenzi lisisikike kati yao?"

"Mimi. Si ndiyo adabu?"

"Basi ameishika. Unataka kumchapa kwa adabu uliyomfundisha mwenyewe?"

Fusi akauachia ufagio, akamvuta mwanawe kifuani, akalia.

Kesho yake Kalolaine alifunga mkeka wa heshima kiunoni, kama tufanyavyo hapa kwenye mambo mazito, akaenda shuleni mguu kwa mguu na mtoto.

"Lakini ni binamu tu, mama," mwalimu akasema.

"Hiyo 'tu' yako ndiyo inayomuumiza tumbo."

Mwalimu akaomba aelezwe, na kengele ililia madawati yakiwa yameshahamishwa. Tuliokuwa nje tulimsikia Meliame akisoma, sauti imenyooka.

Mapumziko yalipofika, Vili akamjia Kalolaine, macho chini.

"Asante, Shangazi. Hata mimi tumbo lilikuwa linaniuma."