Yubile ya Yaya Juu ya Maji

Dada yangu mkubwa, ambaye tangu utoto ninamwita Yaya, alinipigia simu kutoka Butembo mchana mmoja nikiwa nasahihisha insha za wanafunzi. Hakunisalimu. Yaya anauza vyombo vya jikoni kwa jumla, na kwake salamu ni ya wateja.

"Mwaka huu nafikisha miaka makumi mbili na tano ya ndoa," alisema. "Lakini sitaki salle."

Sherehe bila ukumbi! Nilifurahi nusura niangushe simu.

"Hautaki salle kweli?"

"Sitaki. Nataka tuende Uganda, tupande bateau, tutembee juu ya maji, tuone banyama."

"Na nani?"

"Shiye tu. Famille."

"Basi nitakuya."

"Weye? Utakuya? Na malaria yako?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukoo wetu wote unaijua malaria yangu. Inanishika Jumamosi ya harusi, Jumapili jioni imepona. Imenizuia kwenda kwenye ubatizo, kwenye sherehe za diploma, hata kwenye harusi ya mdogo wetu wa mwisho. Yaya huwa anasema: "Malaria yako inajua calendrier ya parokia kupita padiri mwenyewe."

Ukweli ni kwamba ninaogopa umati. Watu wakiwa wengi na nafasi ikiwa ndogo, viganja vinalowa, masikio yanavuma, na hewa inaniishia kana kwamba wengine wameivuta yote wakanisahau. Hakuna kisa kikubwa nyuma yake. Nimejitafutia kisa miaka mingi, sijakipata.

Wenzangu shuleni hawaamini. Ninaishi Bungulu, hapa Beni, na ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. "Kila siku unasimama mbele ya batoto wengi vile," wananiambia, "kiisha unaogopa harusi?" Ninawaeleza kwamba darasani watu wote wamekaa na mimi nimesimama, chaki ninayo mimi, na mlango uko pale pale karibu na meza yangu. Kwenye harusi hakuna mwenye chaki.

Kanisani ninakaa benchi la mwisho, kando ya mlango, kati ya akina mama wanaonyonyesha. Vitoto vyao vimenitapikia miaka na miaka. Parokia nzima inanisifu kwamba ninapenda sana watoto.

Mwaka jana niliamua kwenda kituo cha afya, na muuguzi mmoja mwenye subira akanifundisha namna ya kuvumilia. Nipumue taratibu, kama mtu anayepoza chai. Nichague mahali karibu na mlango. Na kabla ya kuingia kwenye watu, nimwambie mtu mmoja ninayemwamini, ili nisibebe peke yangu. Hilo la mwisho ndilo lilinishinda. Mtu niliyemwamini ni Yaya, na Yaya akinong'ona, gereji ya ng'ambo ya barabara inasikia.

Basi sikumwambia mtu. Boti yenye watu wa familia tu, nilijisemea, nitaiweza.

Siku ya safari nilisimama mbele ya nyumba na begi langu dogo. Gari la kwanza lilipofika nikamwona Yaya, mume wake na watoto wao. Nyuma yake likaja gari la pili, na lile niliisikia sauti yake kabla sijaliona. Akina mama wa kwaya yao walikuwa ndani, wamevaa vikwembe vya rangi moja, wanapiga ngoma. Walikuwa na masufuria ya kuku, sombe, na fufu iliyofungwa kwa majani. Katikati yao alikaa padri wa parokia yao, mtu mnene mwenye kucheka, anapiga makofi.

"Yaya, ulisema famille."

"Hawa njo famille. Famille ya Mungu."

Nikaweka mkono kwenye paji la uso. "Yaya, nasikia kama mwili..."

Sikumaliza. Yaya alifungua mkoba wake akatoa kipima joto.

"Tia mu kwapa," alisema.

Tukasimama pale barabarani, mimi nimebana kwapa, kwaya inaimba, na waendesha pikipiki wawili wamezima injini zao ili waone mwisho wake. Yaya akakichukua, akakiinua kwenye jua, akafumba jicho moja.

"Makumi tatu na sita na nusu. Panda."

Shemeji yangu, mume wa Yaya, ni mtu wa maneno machache. Alishuka kwenye kiti cha mbele akanipa mimi, akaenda kujibana kati ya ngoma na sufuria ya kuku. Kwa hiyo njia haikuwa mbaya. Nje ya mji tulisubiri msafara wa magari wenye askari wa kutulinda njiani, kama kawaida, kisha tukashuka kuelekea Kasindi, milima ya Ruwenzori upande wetu wa kushoto imejifunika mawingu. Nilitazama barabara, nikahesabu mashamba ya kakao, nikaona kwamba maisha yanawezekana.

Pale mpakani ilikuwa siku ya soko. Ni watu, baiskeli, magunia, mbuzi, vitanda vinavyotembea juu ya vichwa, wote wanataka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Niliingia kwenye mstari, masikio yakaanza kuvuma. Nikakumbuka muuguzi. Nikaanza kupuliza.

Ng'ambo ya mpaka kuna watu wa afya wanaopima joto la wasafiri kwa hofu ya Ebola. Kijana mmoja mwenye koti jeupe alinitazama napuliza, akasogea nyuma. Watu wa pale lugha yao na Kinande chetu ni kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tulisikilizana vizuri mno.

"Mama, unapuliza nini?"

"Chai," nilijibu, kabla sijajizuia.

Aliangalia mikono yangu. Hakukuwa na kikombe. Kwa heshima kubwa akaniomba nimfuate, akaniingiza kwenye hema, akanionyesha kiti, akafunga pazia.

Sijawahi kupumzika vile. Kiti kimoja, pazia moja, kivuli, na mtu mmoja tu ambaye naye alikuwa amekaa mbali nami kwa sababu za kazi yake. Alinipima, akaniuliza kama nimetapika, kama nimezika mtu, kama nimekula nyama ya porini. Nilijibu polepole ili maswali yasiishe. Alikuwa ameanza kuandika kwamba ninaweza kwenda, ndipo tukasikia sauti nje.

"Iko wapi mudogo wangu?"

"Mama, anapimwa kwanza."

"Anapimwa nini? Nilimupima miye mwenyewe asubuhi! Makumi tatu na sita na nusu!"

Pazia likafunguka. Mapumziko yakaisha.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni upande ule, na kesho yake tukafika kwenye mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George. Maji yalikuwa mapana, ya kijani, yametulia. Boti ilikuwa na paa la turubai na mabenchi pande zote mbili. Niliipenda mara moja. Kisha likatokea basi la wanafunzi wa Uganda, sweta nyekundu, soksi ndefu, na walimu wao, na wote wakapanda boti hiyo hiyo.

Injini ikawaka. Ukingo ukaanza kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa kosa la hesabu yangu. Muuguzi alisema nikae karibu na mlango. Boti haina mlango. Ina maji.

Viganja vikalowa. Nikasimama, nikatafuta kwa macho mahali popote penye nafasi, nikapaona nyuma kabisa karibu na injini. Padri alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi zima, amefumba macho, rozari mkononi. Alikuwa amevaa jile mbili za kujiokolea majini, moja juu ya nyingine. Akina mama walikuwa wamemwachia nafasi.

"Muache Padiri," mmoja alinishika mkono. "Anaomba."

Sikumsikiliza. Nikaenda kukaa pembeni yake. Bila kufungua macho, padri akanong'ona:

"Mama, maji iko upande gani?"

"Padiri, iko kila upande."

Akatetemeka, jile zote mbili zikatetemeka naye. Akaniambia, midomo haichezi sana, kwamba yeye ni mtu wa vilima vya Lubero, kwamba kwao maji yanakaa kwenye ndoo, na kwamba alikubali kuja kwa sababu hakuna anayemwambia Yaya hapana.

"Usiambie mutu," alisema. "Banafikiri naomba."

"Kumbe hauombi?"

"Naomba! Lakini hapana vile banafikiri."

Sijui kilichonishika. Labda ni kwamba macho yake yalikuwa yamefungwa. Nikamwambia: "Na miye Padiri, naogopa batu. Bakiwa bengi nakosa pumzi."

Alifungua jicho moja kwa mshangao. "Batu? Lakini batu ni bazuri!"

"Na maji ni mazuri, Padiri. Mutazame."

Hakutazama. Lakini alianza kucheka, na mimi nikacheka, na pumzi ikarudi kidogo. Tukapatana palepale. Mimi nitamsimulia maji yanafanya nini, ili asiwe na haja ya kufungua macho. Yeye atanilindia nafasi. Kila mama aliyejaribu kuja kukaa nasi, padri aliinua mkono akambariki, na mtu akishabarikiwa anaona aibu kuendelea mbele.

"Sasa maji inafanya nini?"

"Imetulia. Kuna ndege mweusi amekaa juu ya kijiti."

"Kijiti iko na mizizi?"

"Iko nayo."

"Asante."

Kisha boti ikakata kona, na upande wa kulia viboko wakatokea. Hawakuwa wawili watatu. Walikuwa wamejaa, migongo imegusana, masikio yanacheza, mmoja anamkanyaga mwenzake na mwenzake hasemi kitu. Niliwahurumia wale wa katikati.

Watu wote wakainuka kwa mara moja. Kwaya, wanafunzi, walimu, Yaya, shemeji, wote wakakimbilia kulia na simu zao juu. Boti ikainama. Sufuria ya sombe ikateleza na kunipita. Mwongozaji wetu, mama mmoja mwenye sare ya kijani, akapiga kelele kwenye kipaza sauti kwa Kiingereza, halafu kwa lugha yake, kwamba nusu yao warudi. Kila mtu aliamini anaambiwa mwingine.

"Yezu wangu!" padri akalia kwa nguvu zake zote.

Akina mama wakadhani ameanzisha wimbo. Wakaupokea. Ngoma ikaingia. Boti ikazidi kuinama, sasa kwa kufuata mdundo.

Mimi sikufikiri. Nilisimama, nikapiga makofi mawili, na sauti ninayoitumia darasa langu likikosa adabu ikatoka yenyewe:

"Assis! Kila mutu mahali yake! Assis!"

Wakakaa wote. Wanafunzi wa Uganda, ambao hawajui neno la Kifaransa, walikaa wa kwanza na kukunja mikono. Walimu wao wakakaa. Shemeji akakaa sakafuni palepale alipokuwa. Mama mmoja alibaki na paja la kuku hewani, hajui kama anaruhusiwa kuuma. Boti ikanyooka. Mwongozaji alinitazama, akaja akanipa kipaza sauti.

Basi nikaongoza. "Mstari wa mbele, musimame, mutazame, mupige picha. Mukae. Mstari wa pili." Nilikuwa nimesimama katikati ya boti iliyojaa, sura zote zimenielekea, na pumzi yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Tuliwaona mamba, mbogo waliolala kwenye matope, na tembo na mtoto wake wakinywa maji, kila mstari kwa zamu yake. Yaya alijaribu kusimama mara mbili kwa zamu moja, nikamrudisha. Miaka yote ya udogo wangu nilikuwa nikiingoja nafasi ile.

Sitasema nilipona. Boti ilipogeuka nilirudisha kipaza sauti nikakaa tena kama mtu wa kawaida, na viganja vikalowa palepale. Yaya akaja. Padri alimbariki, lakini Yaya si mtu wa kuzuiwa na baraka. Akakaa kati yetu, akanipa kitambaa nijifute mikono.

"Unafikiri sijui?" alisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinong'ona kweli. "Tangu tukiwa batoto najua. Ulikuwa unajificha mu jiko kila mara bageni banafika."

"Kama ulijua, juu ya nini uliita batu bote hawa?"

"Kwani nisifurahi na batu yangu? Na weye pia nilikutaka. Miaka makumi mbili na tano, hata sherehe yangu moja haujaiona mwisho." Akatazama maji. "Njo maana nilichagua bateau. Salle iko na mulango."

Nilitaka kukasirika. Nikashindwa, kwa sababu padri alikuwa anacheka mpaka rozari ikamwanguka, na ilimbidi afungue macho aitafute, na hivyo akauona mfereji kwa mara ya kwanza. "Oh," alisema. Akautazama kidogo, kwa adabu, akayafumba macho tena.

Tulipofika gatini watu wote walisimama na kusukumana kushuka. Sisi wawili tulibaki benchi la nyuma mpaka boti ilipokuwa tupu. Mwongozaji akatuuliza kama tungependa kuzunguka tena na kundi la jioni. Padri alikataa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande. Tulivuka ubao tumeshikana mikono, yeye anatazama mbinguni, mimi natazama nafasi.

Chini ya mti kwaya ilikuwa imeshajipanga kwa picha, bega kwa bega, Yaya na mumewe katikati, watu wanasukumwa waingie ndani zaidi. Nilikwenda mpaka mwisho kabisa wa mstari, nikapuliza chai yangu, nikasimama.

Yaya ameikuza picha hiyo na kuitundika sebuleni kwake Butembo. Upande wa kushoto kabisa, ukiangalia vizuri, unaonekana kiwiko kimoja na nusu ya mkoba. Kila mgeni anayeingia anavutwa mpaka pale ukutani.

"Na huyu," Yaya anasema, kidole juu ya kiwiko, "njo mudogo wangu. Alikuya."