Soksi za Mwenda

Harufu ya panya ni ya mkojo mkali uliokaukia kwenye gunia, ikichanganyika na vumbi la mahindi na nguo zilizokaa zimekunjwa muda mrefu. Mimi niliijua nikiwa na miaka tisa, mwezi wa Agosti, shule zimefungwa na baridi ya Ruiri inapenya katikati ya mbao za ukuta. Mwaka ule wezi walikuwa wamevunja ghala la jirani na kubeba mavuno yake yote, kwa hivyo baba, aliyekuwa karani mjini Meru na kuja nyumbani Jumamosi tu, aliamua mahindi yetu yalale ndani pamoja nasi. Magunia yakapangwa katika chumba cha wazazi, yakaziba dirisha nusu, mengine yakasukumwa uvunguni mwa kitanda. Baba alifurahi sana kuwashinda wezi wa miguu miwili, akasahau kabisa wale wa miguu minne.

Katika chumba hicho hicho ndimo alimoletwa ndugu yangu mchanga. Alipewa jina la Mwenda, jina la babu yetu marehemu, kama ilivyo desturi kwetu mtoto wa kwanza wa kiume kuchukua jina la baba wa baba yake. Nyanya, mama yake baba, aliishi juu kidogo ya boma letu, na kila asubuhi alishuka na fimbo yake akiuliza mlangoni, "Mume wangu ameamkaje?" Wote walicheka isipokuwa mama, ambaye alitabasamu kwa mdomo tu huku akinyoosha shuka haraka haraka. Wanawake wa kanisani nao walikuja kumwona mzazi, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Walileta unga wa wimbi, ndizi, maharagwe meusi ya njahi na maziwa ndani ya vibuyu. Jikoni palipojaa, vyakula viliwekwa chumbani, juu ya magunia. Ukitaka kuwaalika panya wa tarafa nzima, huwezi kufanya maandalizi mazuri zaidi ya hayo.

Wakaja. Kwanza tuliona vinyesi vyao vyeusi kwenye ukingo wa sufuria, halafu wakaanza kukimbia kwenye boriti mchana kweupe wakituangalia. Baba alinunua mtego katika soko la Gakoromone huko mjini, ukanasa wawili kisha wengine wakajifunza kula chambo bila kuufyatua. Paka wetu alikuwa amehamia zamani kwa mwenye bucha pale sokoni kwetu, na ni nani angemlaumu. Sumu mama aliikataa katakata kwa ajili ya mtoto. Mimi niliwaogopa panya kuliko nyoka, kwa sababu binamu yangu mmoja aliniambia kwamba panya hukupulizia kwanza pale anapotaka kung'ata, ngozi ikafa ganzi, na wewe ukaja kugundua nyama imeshaliwa. Usiku nililala nimekunja miguu ndani ya gauni.

Kazi yangu ilikuwa kumlinda Mwenda mama akienda kukamua au kuteka maji. Alinipa sheria moja, akairudia kila alipotoka. "Umpake jeli ya duka peke yake. Mafuta ya ng'ombe usimguse nayo, umesikia? Panya wananusa maziwa." Lakini nyanya naye alikuwa na sheria zake. Alimfunua mtoto, akaona ngozi ya visigino ikibambuka, akaguna. "Huyu mnamkausha na hayo mafuta yenu ya duka. Sisi tuliwapaka siagi, wakang'aa." Nilimwamini. Nilitaka mume wa nyanya ang'ae, na zaidi ya hapo nilitaka nyanya aulize ni nani aliyemng'arisha.

Kwa hivyo alasiri moja, mama alipoelekea mtoni, nilichota siagi kwenye mkebe jikoni nikampaka Mwenda miguu yote miwili, kidole kwa kidole. Alilala. Nilikaa kando ya kitanda nikijisifu kimoyomoyo. Ndipo nikasikia kitu kikikwaruza uvunguni, chini kabisa ya pale nilipokalia, kikanyamaza, kikakwaruza tena karibu zaidi na kisigino changu. Sikufikiri. Niliruka, nikatoka mbio hadi uani, nikaufunga mlango nyuma yangu. Naandika hili polepole kwa sababu ndilo ninaloliona aibu hadi leo: niliufunga mlango, na mtoto alikuwa ndani.

Nilisimama nje nimeshika komeo. Nilijiambia nihesabu hadi kumi kisha niingie. Nilihesabu mara tatu. Kisha Mwenda akalia, kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kirefu na chembamba, na mkono wangu bado ukakataa kuvuta komeo. Sijui ilichukua muda gani. Nilipoingia hatimaye, panya alikuwa amekaa juu ya blanketi, upande wa miguu. Aliniangalia, akashuka bila haraka yoyote. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa na damu, si nyingi, tone linalojikusanya kila nikilifuta. Nilifuta kwa upindo wa gauni langu, nikaipangusa siagi yote iliyobaki, nikamvalisha soksi za manjano alizofumiwa na shangazi. Kwa haraka, soksi ya pili ikaingia kinyume.

Mama alirudi, akatua mtungi, akamtazama. "Na hizi soksi?"

"Miguu ya mtoto huingiza baridi, mama."

"Haya basi, mama mkubwa," akasema, akanicheka kidogo, akamchukua kumnyonyesha.

Jioni ilinibidi nisimame mlangoni mwa jiko wakati wa kumwosha. Nilijua yote yangejulikana pale kwenye karai. Mama alivua soksi ya kulia, akavua ya kushoto. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Alimwosha, akamkausha, akamrudishia soksi zile zile bila kunitazama. Nikadhani moshi ulimziba macho. Badala ya kupoa, woga wangu ukapanda, kwa maana sasa nilikuwa peke yangu na jambo hilo. Nilifukua daftari langu la sayansi ambamo mwalimu alituandikisha magonjwa yanayoletwa na panya. Homa, uvimbe, kifo. Niliyasoma maneno hayo matatu hadi nikayaona nikifumba macho.

Kesho yake mama alisema anampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, ingawa alikuwa amepimwa wiki iliyotangulia. Waliporudi nyanya alikuwa anangoja kwenye kigoda. Alinyoosha mikono amshike mumewe, akaanza kuvuta soksi.

"Mama, mwache nazo. Ana mafua kidogo," mama akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Usiku ule na siku iliyofuata Mwenda akawa moto. Nilimgusa paji la uso kila nilipopata nafasi, nikirudi kwenye daftari langu. Homa ilikuwa imeshafika. Nilihesabu kwamba kilichobaki ni uvimbe, na kwamba nyanya angempoteza mumewe mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Ilipofika saa kumi nilimfuata mama zizini, nikashika kamba ya ng'ombe, nikayamwaga yote, siagi, mlango na kuhesabu mara tatu. Nilitarajia kofi. Nililitamani.

Mama hakuacha kukamua. "Niliona siku ile ile," akasema. "Daktari amemdunga sindano, ndiyo inampa joto. Atapoa."

"Mbona hukuniuliza?"

Akaisogeza ndoo karibu na miguu yake. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani maziwa yangu yalimdondokea mguuni nikakosa kumpangusa." Kisha akageuka, na nikaona macho yake yamejaa woga, woga kama wangu kabisa. "Nyanya yako asijue, Makena. Atasema nimemwacha mume wake akaliwa na panya. Hatanisamehe."

Watu husema ukishaungama unapata amani. Mimi sikuipata. Siku zote nilikuwa nimewaogopa panya nikijua kwamba nyuma yangu yuko mtu mzima asiyeogopa. Pale zizini nikagundua hayuko, na hilo lilinitisha kuliko chochote kilichokuwa uvunguni. Nilimkasirikia mama pia, kwa zile siku mbili alizoniacha na daftari langu, na sikuwahi kumwambia.

Mwenda alipoa kabla baba hajafika Jumamosi. Mama alimwambia mahindi yatoke siku hiyo hiyo, wezi wakitaka wayabebe. Tuliyavuta magunia hadi uani, na chini ya la mwisho tukakuta kiota cha manyoya ya blanketi la mtoto, ndani yake vipanya sita vyekundu visivyo na macho. Baba alileta maji ya moto. Nilisimama karibu nikatazama hadi mwisho, wala sikuvihurumia.

Nyanya alifariki miaka mingi baadaye bila kujua. Mwenda mwenyewe ana alama ndogo kwenye kidole, na aliwahi kumuuliza mama, akajibiwa kwamba alizaliwa nayo. Sasa nyumba ya Ruiri ni ya mawe, ina dari na sakafu ya vigae, na mahindi huhifadhiwa kwenye pipa la bati nje. Mimi naishi Meru mjini, orofa ya tatu, ambako sijaona panya hata mmoja, lakini mfuko wa nailoni ukichakarisha jikoni bado naacha kupumua. Wanangu hunicheka. Hawajui kitu ninachokisikiliza, nami nashukuru, ingawa mara nyingine nawaonea wivu.

Desemba iliyopita, nikiwa kwa mama Ruiri, Mwenda alikuja nyumbani na mkewe, msichana wa Embu, pamoja na mtoto wao wa wiki tano. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, milango yote wazi. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha mama bila shati, nepi tu, lakini miguuni ana soksi nene zilizovutwa hadi magotini. Wifi yangu aliinama kuzivua.

"Mum, na hii joto yote umemvalisha soksi? Ataiva."

"Ziache," mama akasema. "Miguu ya mtoto huingiza baridi."

Aliponitazama, mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda. Niliufungua mlango wa chumba wazi kabisa, nikauwekea kiti usijifunge, kisha nikapiga magoti nikaangalia uvunguni.