Nyimbo Nne Ndani ya Amplifaya

Mtaani walimwita Risasi, kwa sababu ya ule waya laini wa risasi, wa kuchomelea vifaa vya umeme, ambao haukumtoka mkononi tangu ujana. Watu walitania kwamba hata maiti angemfufua, mradi awe na swichi.

Kisha kaka yake mkubwa, mpiga gitaa, akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, haukuamka. Wiki chache baadaye umeme uliruka, ukaiua amplifaya yake ya kidijitali. Humo ndani alikuwa amerekodi nyimbo nne alizozitunga mwenyewe, na hazikuwa kwingine kokote.

"Mdogo wangu," alisema, ulimi mzito, "vidole vimeshakwenda. Hizo nyimbo zisivifuate."

"Niachie mimi, kaka."

Risasi akaifungua. Chipu ya kugawa umeme ilikuwa imeungua. Akaagiza nyingine, akaichomelea, akaweka mita: volti moja, mahali palipotakiwa tatu. Alijilaumu, akapima upya kila mguu. Mwisho akaifuta kwa spiriti, maandishi yakatoka kama wanja. Feki. Ya pili ilisoma tatu sawasawa, halafu ikachemka mpaka ikanuka, ikaondoka na nusu ya bodi.

Mkewe alimkuta mezani na miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Mwambie ukweli, baba watoto. Unamlisha matumaini ya nini?"

"Bado njia moja."

Alipata bodi nzima kwenye amplifaya ya aina ileile iliyopasuka spika. Ikabaki kuhamisha chipu ya kumbukumbu, iliyoshika zile nyimbo, kutoka bodi ya zamani, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, miguu minane. Alisubiri asubuhi yenye mwanga mzuri. Miguu saba ikaachia. Wa nane ukang'ang'ania. Akavuta, ukakatikia ndani. Siku tatu alichokonoa ile plastiki kwa sindano akitafuta ncha ya kugusia. Siku ya tatu chipu yote ikapasuka.

Amplifaya aliirudisha inawaka vizuri kabisa. Kwenye kioo chake, nafasi zote nne ziliandika: tupu.

"Sio kifaa, kaka. Ni mkono wangu."

"Mkono wako nao?" kaka akauliza. Shemeji, mke wa kaka, alitaka kucheka, akashindwa.

"Ziimbe basi, tuzirekodi tena," Risasi akasema, akaiwasha.

Kaka akafumba macho. Zikatoka sauti tano, sita, kisha akakwama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Akajaribu tena, akakomea palepale. Akamwomba mkewe aizime amplifaya.

Njiani kurudi, Risasi alijaribu kupiga mluzi wimbo mmojawapo. Nyimbo hizo alikuwa amezisikia mara mia kupitia ukutani, walipokuwa wakiishi nyumba moja. Hakupata hata mwanzo wake. Miaka yote alikuwa akitegea sikio mkwaruzo wa spika tu, ajue kama kuna waya uliolegea.