Michembe ya Mama Rhoda

Febronia, ambaye majirani wote hapa Ushirombo tunamwita Mama Rhoda, ana wivu. Simsengenyi, nimeshamwambia usoni. Rhoda wake anawapikia wachimbaji kule Mwakitolyo, na mtoto wa Rhoda, Nelly, analelewa na bibi. Tangu Sista Serafina arudi kutoka Uhispania na kuanza kuwafundisha watoto wa chekechea Kihispania, bibi hana raha.

Kisa ni chakula. Sista anafundisha kwa sahani: mtoto anaonja, akipenda aseme "me gusta," asipopenda aseme "no me gusta." Nelly hurudi akiimba. Mayai na viazi vya Sista, me gusta. Zeituni za Sista, me gusta!

"Hizo zeituni ndiyo nini?" Mama Rhoda ananifokea, kana kwamba nimezipanda mimi.

Jana alimchemshia mtoto michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaichanganya na karanga. Nelly akaonja, akasukuma bakuli.

"Bibi, no me gusta."

Wivu ukampanda kichwani. Akajifunga kanga, huyo, mpaka kwa masista.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Rhoda."

Hakuitikia. "Sista, mjukuu wangu umemfanya nini? Vya kwako vyote anavipenda, michembe yangu anaikataa, tena kwa lugha yako!"

Sista akashtuka. "Amekataa? Kasema no me gusta?"

"Kasema. Na bakuli kalisukuma."

"Mama, muhula mzima namwomba aseme hilo neno. Zeituni anazimeza huku machozi yanamlenga, nikimuuliza, me gusta. Eti bibi kamwambia chakula cha watu hakikataliwi."

Ni kweli, alimwambia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Cha watu," Mama Rhoda akarudia polepole.

"Na mimi nilidhani mtoto kashanizoea," akasema Sista, na sasa aliyenuna alikuwa yeye.

Mama Rhoda alirudi akichekacheka peke yake njiani, nilimwona. Akampakata Nelly.

"Hebu niambie tena, michembe yangu vipi?"

Mtoto akamtazama kwa woga. "No me gusta."

"Tena!" akasema bibi. "Kwa sauti, wasikie mpaka kwa masista."